Kunyoosha nyama za nyuma ya paja kwa mchezaji wa kikapu: njia ipi ikufae?

Mchezaji wa kikapu wa ridhaa huumia kifundo cha mguu na goti mara nyingi zaidi kuliko nyama za nyuma ya paja. Natanguliza hilo kwa sababu wachezaji wengi hunijia wakiwa wameshaamini kwamba kila maumivu yao yataisha wakijinyoosha vya kutosha. Hayataisha yote. Hata hivyo, nyama hizi zikikaza, gharama yake hulipwa na viungo vingine.

Mtazame anayekaba. Anatakiwa akae chini, makalio yarudi nyuma, mgongo ubaki umenyooka. Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza juu kwenye mfupa wa kukalia, ikashuka kupita nyuma ya goti na kujishikiza kwenye mifupa ya mguu chini ya goti. Ikigoma kurefuka, huuvuta mfupa wa nyonga ujikunje kwa chini, kiuno kinapinda, na mchezaji anaanza kukaba amesimama. Mpaka robo ya tatu analalamika mgongo, wala hataji paja. Goti nalo lina sehemu yake: utafiti wa Ubelgiji uliotoka mwaka 2001, uliowafuatilia wanafunzi wa elimu ya michezo, ulikuta kwamba waliokuja kupata maumivu ya kano ya mbele ya goti ndio waliokuwa na misuli ya paja iliyokaza zaidi, ya mbele na ya nyuma, tangu siku ya kupimwa. Kwa mtu anayeruka na kutua jioni nzima, hilo si jambo dogo.

Ninayemwandikia hapa ni yule anayekaa ofisini, darasani au kwenye usukani mchana kutwa, kisha saa kumi na moja jioni anashuka kwenye daladala na kukimbilia uwanjani, iwe pale Kidongo Chekundu jijini Dar es Salaam, iwe kwenye sakafu ya saruji ya shule ya jirani. Hana mtaalamu wa fiziotherapia anayemsubiri kwenye benchi. Ana dakika chache, ana wenzake, na pengine ana kanga ya nyumbani. Njia zilizopo ni nyingi na kila moja ina watu wanaoiapia. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtu wa aina hii, zoezi la kuimarisha msuli huku ukirefuka ndilo linalostahili nafasi ya kwanza, kunyoosha kwa kutulia lifuate, na nyingine ziitwe pale zinapohitajika. Sababu zangu ziko hapa chini, pamoja na hali ambazo msimamo huo haufai.

Kwanza jua ni nini kinachokubana

Kulinganisha njia kabla ya kujua tatizo ni kupoteza muda. Kipimo tunachokitumia sana kliniki unaweza kukifanya mwenyewe ukiwa na mwenzako mmoja.

Lala chali. Inua paja la mguu mmoja mpaka lisimame wima, ulishike kwa mikono miwili nyuma ya goti lisicheze. Mguu wa pili ubaki umelala chini. Sasa nyoosha goti polepole mpaka pale msuli unapokataa, usilazimishe. Mwenzako aweke simu yenye programu ya kupima pembe ubavuni mwa mguu, kati ya goti na kifundo, asome. Mguu ukisimama wima kabisa, hupungukiwi kitu. Wataalamu wengi huhesabu kwamba ukipungukiwa zaidi ya digrii 20, misuli yako imekaza. Andika namba ya kila mguu. Nasisitiza kuandika, maana hisia ya "leo niko laini" hudanganya sana.

Ukiwa palepale kwenye mwisho wa mnyoosho, inua kichwa ulete kidevu kifuani. Kama mvuto unaongezeka, au unasikia ganzi na vijisindano vinavyoshuka kwenye shavu la mguu hadi unyayoni, hapo si msuli peke yake unaokukwamisha. Nyama za nyuma ya paja hazifiki shingoni. Mshipa wa fahamu wa siatiki, unaopita katikati ya nyama hizo, ndio ulioungana na uti wa mgongo mpaka juu. Mtu wa namna hii akizidi kujivuta kwa nguvu anauchokoza mshipa, na kesho yake anaamka amekaza zaidi.

Yako mambo matatu ya kuangaliwa: mawili hayahitaji kunyooshwa kabisa, la tatu halihitaji kulazimishwa. La kwanza ni maumivu ya ghafla yaliyokuja ukiwa mbioni, ukasikia kama kitu kimekatika, kisha ukavimba au ukavilia damu: huo ni msuli uliochanika, nenda kliniki. La pili ni maumivu yaliyoganda pale pale kwenye mfupa wa kukalia, yanayozidi ukikaa kwenye kiti kigumu. Hiyo mara nyingi ni kano, na kuinyoosha huigandamiza kwenye mfupa na kuichosha zaidi. La tatu linawahusu vijana wa miaka 13 hadi 17 wanaorefuka haraka. Mifupa yao hutangulia na misuli hufuata, kwa hiyo kukaza ni kawaida ya umri. Lakini pale msuli unaposhikilia mfupa wa kukalia bado hapajakomaa, na kwa kijana wa umri huo teke kali, mbio za ghafla au mtu kumvuta mguu kwa nguvu vinaweza kung'oa kipande cha mfupa. Makocha wa shule, tafadhali msiwakalie watoto mgongoni "ili wafike vidoleni".

Kutulia peke yako, au kukaza na kulegeza na mwenzako

Hizi mbili ndizo zinazoshindanishwa zaidi kliniki, na ndizo ninazoulizwa kila mara.

Kunyoosha kwa kutulia kila mtu anakujua: unafika mwisho, unabaki hapo. Wasichokijua wengi ni muda. Mwaka 1994, watafiti wa Marekani Bandy na Irion waliwagawa watu 57 wenye misuli iliyokaza. Wengine wakanyoosha kwa sekunde 15, wengine 30, wengine 60, siku tano kwa wiki kwa wiki sita, na kundi moja halikunyoosha. Sekunde 30 zilishinda 15 kwa mbali, na 60 hazikuongeza chochote juu ya 30. Utafiti wao mwingine wa mwaka 1997 ukaonyesha kwamba kurudia mara tatu kwa siku hakukuzidi mara moja. Kwa mtu asiye na muda hizi ni habari njema: sekunde 30, mara moja kwa siku, kila mguu, karibu kila siku. Wale wanaojihesabia "moja, mbili, tatu... kumi" na kubadilisha mguu ndio wanaoniambia baada ya miezi kwamba kunyoosha hakuwasaidii.

Namna ya kufanya inabeba uzito kuliko wengi wanavyodhani. Chukua kanga, ikunje kwa urefu, ipitishe chini ya unyayo, lala chali, inua mguu goti likiwa limenyooka au limelegea kidogo sana. Sasa kabla ya kuvuta, angalia kiuno. Kikijibana sakafuni na makalio yakaanza kuinuka, nyonga imejikunja na umejipa urefu wa uongo: mguu unaonekana umepanda, msuli haujarefuka. Rudisha makalio chini, acha uwazi mdogo wa kawaida chini ya kiuno, halafu vuta. Mguu utashuka pengine kwa kiganja kizima, na mvuto utauhisi katikati ya paja badala ya nyuma ya goti. Utafiti wa mwaka 1992 wa Sullivan na wenzake ulilinganisha mikao ya nyonga pamoja na mbinu zenyewe za kunyoosha, na mkao wa nyonga ndio uliokuwa na uzito zaidi. Ndiyo maana mimi hutumia muda mwingi kurekebisha kiuno cha mchezaji kabla sijamwambia habari ya mbinu mpya.

Kukaza na kulegeza ndiko kunakoitwa PNF kwenye vitabu vyetu. Chimbuko lake ni miaka ya 1940 huko Marekani, kwa daktari Herman Kabat na mtaalamu wa fiziotherapia Margaret Knott, waliokuwa wakiwahudumia watu waliopooza. Viwanja vya michezo viliichukua baadaye. Unalala chali, mwenzako anauinua mguu wako mpaka mvuto wa kwanza. Unasukuma kisigino kwenye bega lake kwa sekunde tano hivi, yeye anazuia, mguu hauendi popote. Unaacha, unatoa pumzi, anakupeleka mbele kidogo, mnabaki hapo sekunde 20 hadi 30. Mnarudia mara tatu. Yuko ndugu yake mpole, mbinu ya nishati ya misuli iliyoanzishwa na Fred Mitchell, daktari wa osteopathia (tiba ya mifupa na misuli kwa mikono), ambapo msukumo ni mdogo sana, kama asilimia 20 ya nguvu zako. Hiyo huifanya kwa mchezaji mwenye maumivu au anayeogopa.

Ukizilinganisha papo kwa papo, PNF huwa inashinda. Mtu anainuka mezani akishangaa mguu wake ulivyopanda. Ila mshangao huo hauishi muda mrefu. Majaribio mawili ya Marekani yanatoa picha nzuri: ongezeko lililotokana na kunyoosha kwa kutulia kwa kikao kimoja lilidumu dakika 3 (utafiti wa mwaka 2000), na lililotokana na kukaza na kulegeza lilidumu dakika 6 (mwaka 2001). Maana yake, ukinyooshwa vizuri kisha ukakaa benchi robo nzima ya dakika 10, unaingia uwanjani ulivyokuwa mwanzo.

Kwa wiki nyingi, pengo kati ya hizi mbili hupungua mpaka mara nyingi halina maana kwa mchezaji. Na sababu inaeleweka. Mapitio ya Weppler na Magnusson ya mwaka 2010 yalieleza kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita "kurefuka" ni mwili kuzoea kuvumilia mvuto, wala nyama zenyewe hazijaongezeka urefu kama tulivyofundishwa zamani. Mbinu zote mbili zinaufundisha mwili uvumilivu uleule.

Kwa hiyo ningechagua PNF pale tu penye mtu mwenye mkono mzuri: mfiziotherapia, au mwenzako aliyefundishwa na anayejua kusikiliza neno "basi". Mwenzako mwenye haraka, anayeangalia mpira huku anasukuma mguu wako, ni hatari kuliko faida yote ya mbinu. Kanga haina haraka. Unaweza hata kusukuma dhidi ya kanga wewe mwenyewe, ukapata sehemu kubwa ya faida ya PNF bila kumtegemea mtu.

Kabla ya mchezo ni habari nyingine

Hapa ndipo timu nyingi za mtaani zinapokosea mpangilio. Zinakaa chini duara, kila mmoja anajinyoosha dakika nzima mguu huu, dakika nzima mguu ule, kisha zinaingia kurusha.

Mapitio makubwa ya Behm na wenzake ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio mengi na kukuta kwamba kunyoosha kwa kutulia kwa sekunde 60 au zaidi kwa kila msuli kunashusha ufanisi, kama nguvu na kuruka, kwa wastani wa asilimia 4.6. Chini ya sekunde 60, hasara ni asilimia 1.1, ambayo mchezaji wa ridhaa hataihisi. PNF nayo ilishusha kwa asilimia 4.4. Kunyoosha kwa mwendo kuliongeza kidogo, asilimia 1.3. Vipimo hivyo vilichukuliwa muda mfupi tu baada ya kunyoosha, kwa hiyo ukishajinyoosha kisha ukapasha mwili vizuri, hasara nyingi hufutika. Bado, sioni kwa nini mtu aanze na hasara halafu aifute.

Kwa mwendo maana yake ni kuurusha mguu mbele na nyuma ukiwa umeshika nguzo, kutembea ukipiga teke la mguu ulionyooka kuelekea kiganja, kupiga hatua ndefu ukishuka chini, kuinama na kutembeza mikono sakafuni mpaka mwili unyooke kisha miguu ifuate. Dakika tano hadi saba, ukianza taratibu na kuongeza kasi, baada ya mzunguko mmoja au miwili ya kukimbia polepole. Mateke yaanzie chini ya usawa wa kiuno. Anayerusha mguu mpaka usoni kwenye teke la kwanza, na bado mwili umepoa, anatafuta kuchanika.

Lakini usiitegemee njia hii ikurefushe kwa kudumu. Bandy na wenzake waliipima mwaka 1998 dhidi ya kutulia, kwa wiki sita: waliotulia sekunde 30 walipata takribani digrii 11, waliotumia mwendo wakapata takribani 4. Kila moja ina saa yake. Mwendo ni wa kabla ya mchezo, kutulia ni kwa baada ya mchezo au nyumbani kabla ya kulala.

Kuimarisha msuli huku ukirefuka

Hii ndiyo njia ninayoipigania, na ndiyo inayoachwa zaidi kwa sababu haifanani na kunyoosha.

Mwaka 2004 Nelson na Bandy waliwachukua vijana 69 wa kiume wa sekondari wenye misuli iliyokaza, umri unaofanana kabisa na wachezaji wetu wa shule. Kundi moja lilinyoosha kwa kutulia sekunde 30. Jingine lililala chali, likazungusha utepe wa mpira unaovutika kisiginoni, likawa linauvuta mguu juu kwa mikono huku mguu wenyewe ukikataa, msuli ukifanya kazi wakati unarefuka. Baada ya wiki sita, kundi la kutulia liliongeza digrii 12 na la kukataa digrii 12.8. Wasiofanya chochote hawakufikisha digrii 2. Yaani katika urefu, njia hizi mbili zilitoka sare. Ila aliyetumia ya pili amepata na kitu kingine: misuli yake imefanya kazi ya nguvu katika urefu mpya.

Na hicho kitu kingine ndicho mpira wa kikapu unachokidai. Uwanja una mita 28, na unaukimbia ukijua kwamba mwisho wake utafunga breki. Nyama za nyuma ya paja hufanya kazi kubwa zaidi pale mguu unapotupwa mbele kabla ya kukanyaga, zikiuzuia usiende mbali, tena zikiwa zimerefuka. Msuli unaofika mbali ukiwa umelala chali, lakini ukifika huko hauna nguvu, haujakusaidia uwanjani.

Ushahidi wa kinga upo, ingawa umetoka kwenye soka. Huko Denmark, Petersen na wenzake walizifuatilia timu 50 zenye wachezaji 942, matokeo yakatoka mwaka 2011. Karibu nusu ya timu zilifanya zoezi la Nodiki, zilizobaki ziliendelea na mazoezi yao ya kawaida. Majeraha ya nyama za nyuma ya paja yalikuwa 15 upande wa Nodiki na 52 upande wa pili. Sijawahi kuona kunyoosha peke yake kukitoa tofauti ya namna hiyo.

Zoezi lenyewe halihitaji senti. Unapiga magoti juu ya kitu laini, mwenzako anashika vifundo vyako na kuviegemea kwa uzito wake. Mwili umenyooka kutoka gotini hadi kichwani, mikono iko tayari mbele ya kifua. Unaanguka mbele polepole, polepole iwezekanavyo, ukizuia kwa nyuma ya paja mpaka inaposhindikana, halafu unajidaka kwa mikono na kujisukuma kurudi. Mara ya kwanza wengi hushindwa kabla hata mwili haujafika nusu ya njia. Si vibaya. Wadenmark walianza na kikao kimoja kwa wiki, seti mbili za mara tano tu, na ilipofika wiki ya tano walikuwa wanafanya vikao vitatu, seti tatu za mara 12, 10 na 8. Anayeruka hatua hizo atashindwa kushuka ngazi siku mbili baadaye, ataapa haligusi tena. Lifanye siku ambayo kesho yake hakuna mechi.

Ndani ya njia hii pia kuna uchaguzi. Nodiki hufanyika goti likikunjuka huku nyonga imenyooka, kwa hiyo msuli haufiki urefu wake wote. Zoezi la kuinamia uzito, lile wanaloliita RDL kwenye jim, hupindisha nyonga na goti likiwa limelegea kidogo tu, na huko ndiko nyama zinakorefuka hasa. Utafiti wa Australia wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mazoezi ya nyonga ya aina hii na Nodiki yote huzirefusha nyuzinyuzi za msuli wa nje wa nyuma ya paja, ule unaochanika zaidi mbioni. Hapa sasa ni urefu wa nyama zenyewe, umeongezwa juu ya uvumilivu. Mchezaji anayetaka kulegea kwanza, nampa la kuinama. Aliyewahi kuchanika, akishapona na kuruhusiwa, nampa yote mawili. Dumu la maji la lita tano linatosha kuanzia, kisha begi lenye vitabu, kisha vyuma kama unavyo. Mgongo usipinde. Ukipinda, umefika mwisho wako wa leo, panda.

Wachezaji wa kike na wa kiume ambao tayari wamelegea kupita kawaida, wale wanaoweka viganja vyote sakafuni bila jasho, hawana haja ya kunyoosha hata kidogo. Wanahitaji mazoezi haya peke yake.

Roli, mkono na kuutelezesha mshipa

Roli la povu limekuwa fasheni, na sina ugomvi nalo. Dakika moja au mbili kila paja hulegeza kwa muda mfupi bila kupunguza nguvu za kuruka, na hiyo ni sifa ambayo kunyoosha kirefu kwa kutulia hakuna. Linafaa kabla ya kupasha mwili. Asiyenalo atumie chupa ngumu ya maji iliyojaa. Kukandwa ni vilevile: kunatuliza, kunaleta usingizi mzuri, urefu wake hauendi mbali. Usilipie vikao vya kukandwa ukitegemea namba yako ya kipimo ibadilike.

Kuutelezesha mshipa wa fahamu ni kwa yule ambaye kidevu kilimwongezea mvuto. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti huku ukiinua uso kutazama juu, kisha kunja goti huku ukiinamisha kichwa. Mshipa unalegezwa upande mmoja wakati unavutwa upande mwingine, kwa hiyo unateleza bila kukazika. Mara kumi hadi kumi na tano kwa wepesi, usikae kwenye mwisho. Wapo watu ambao wamejinyoosha miaka bila mafanikio, wakafanya hili wiki chache wakafunguka. Ganzi ikizidi au nguvu za mguu zikipungua, acha, kapimwe mgongo.

Ukizipanga bega kwa bega

Kwa muda, kutulia na kanga ndiko rahisi kuliko zote: dakika moja na nusu kwa siku imekwisha. Nodiki ni dakika kumi kwa kikao, ila vikao ni viwili au vitatu kwa wiki. PNF inakula dakika nyingi zaidi na inakula pia muda wa mtu wa pili. Kwa fedha, zote zinawezekana bure isipokuwa PNF ya mezani kwa mtaalamu. Kwa maumivu ya siku inayofuata, Nodiki na kuinamia uzito ndizo zenye bei kubwa, hasa wiki mbili za mwanzo. Nyingine karibu hazina. Kwa kudumu, zote hupotea ukiacha. Wiki nne bila kunyoosha zinatosha kurudisha namba karibu na ilipoanza, na ligi ikiisha ndipo wengi huacha kila kitu.

Ukiwa na dakika kumi tu kwa siku na huna mwenzako, fanya kutulia kwa kanga kila siku, na kuinamia dumu mara tatu kwa wiki. Ukiwa na timu inayofika kwa wakati, kocha aweke mwendo mwanzoni na Nodiki mwishoni mwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Watu wakiwa wawili wawili, timu nzima inamaliza haraka. Katikati ya ligi yenye mechi kila siku chache, punguza Nodiki iwe mara moja, siku iliyo mbali na mechi, wala usiianzishe upya wakati huo. Kama unakaa benchi kipindi kirefu, simama dakika mbili kabla ya kuingia, rusha miguu, shuka na kupanda mara kadhaa. Kuinama kugusa vidole hakutakufikisha popote. Na kama mguu mmoja unapungukiwa zaidi ya mwingine, huo upate seti moja ya ziada badala ya kufanya sawa kwa sawa.

Rudia kipimo cha simu baada ya wiki sita, saa ileile ya siku na bila kupasha mwili. Ukiona digrii nane, kumi au zaidi zimeongezeka, endelea kwa dozi ndogo ya matengenezo, mara mbili kwa wiki. Namba ikiwa haijasogea na una hakika ulifanya, usiongeze nguvu ya kuvuta. Angalia upya mkao wa nyonga, jaribu tena kidevu kifuani, kisha nenda kwa mfiziotherapia ukiwa na namba zako mkononi: ulianza wapi, ulifanya nini, mara ngapi, na mvuto unauhisi sehemu gani ya mguu. Kwa taarifa hizo nne, kikao cha kwanza hakitapotea kwenye maswali.